Bwawa la nyumba mpya limegeuka kijani, nianzie wapi?

Hongera kwa nyumba ya Iyumbu, kaka. Umesema maji yamekuwa kijani na fundi anataka uyamwage yote. Usikubali haraka. Kwa mgao wa maji wa Dodoma, kujaza bwawa upya ni mtihani.

Kwanza nunua kipimo cha maji. Anza na pH, yaani kiwango cha asidi ya maji, iwe kati ya 7.2 na 7.6, kwa sababu ikipanda sana klorini inapoteza makali hata ukimwaga ndoo nzima. Maji ya visima vya huku mengi ni magumu, na huenda ukahitaji kuishusha pH kwa asidi mara kwa mara. Kisha weka dozi kubwa ya klorini jioni, jua likishazama. Mchana jua linaila kabla haijafanya kazi. Acha pampu izunguke usiku kucha, sugua kuta kwa brashi. Mtu asiogelee mpaka klorini ishuke, kawaida ni miligramu 1 hadi 3 kwa lita.

Halafu lipo vumbi letu. Kiangazi upepo ukivuma, chujio la mchanga linaziba upesi. Andika presha ya geji likiwa safi. Ikipanda kwa psi (kipimo cha presha) 8 hadi 10, lisafishe kwa kurudisha maji kinyume. Hayo maji usimwagie mchicha.

Dawa ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye dawa. Asidi na klorini zikae mbalimbali kabisa, zikichanganyika zinatoa gesi ya sumu. Na kama una watoto, uzio uje kabla ya hayo yote.