Laptopu imeamka, monita bado imelala

Wewe uliyeanza juzi kuhudumia kompyuta za ofisi, hili litakukuta kabla mwezi haujaisha. Mtu amefunga laptopu yake ya Linux, ameenda kula wali maharage, amerudi na kuifungua. Skrini ndogo inawaka vizuri, ila monita ya pembeni ni nyeusi tii. Unaitwa: "Fundi, monita imekufa."

Usimwambie azime na kuwasha upya. Najua ndilo jibu linalokuja mdomoni kwanza, na mara nyingi linasaidia, lakini ukiwasha upya unafuta ushahidi wote na kesho unaitwa tena. Mimi yalinikuta Kijitonyama, mwaka wangu wa kwanza kazini. Dada mmoja wa uhasibu alikuwa ananiita kila baada ya chakula cha mchana, nami namwashia upya, anashukuru, naondoka. Baada ya wiki aibu ikanishika. Ijumaa jioni nikaifuta Ubuntu yake, yaani ile Linux aliyokuwa akiitumia, na kuiweka upya yote, nikapanda daladala pale Sayansi saa nne usiku nikijiona shujaa. Jumatatu saa nane mchana simu ikaita.

Kwanza elewa mashine hizi zinavyojuana. Ndani ya kebo ya HDMI kuna pini, ya 19, ambayo kazi yake ni kuiambia laptopu kwamba kuna kitu kimechomekwa. Laptopu ikishapata habari hiyo inaiomba monita kitambulisho chake, EDID, chenye jina la mtengenezaji na vipimo vya picha inavyoviweza. Laptopu inapoamka, maswali hayo inabidi yaulizwe tena, na jibu linaweza kupotelea mahali patatu: kwenye waya na monita, kwenye keneli, kiini cha Linux kinachoongea na vifaa, na draiva ya kadi ya picha, au juu kabisa kwa GNOME au KDE inayopanga madirisha. Kazi yako ni kujua ni wapi kabla hujagusa chochote. Fungua terminali, monita ikiwa bado nyeusi, uandike:

grep . /sys/class/drm/*/status

Utaona kila tundu la picha na hali yake, kwa mfano card1-HDMI-A-1 ikifuatiwa na connected au disconnected. Mstari huo mmoja unaligawa tatizo nusu kwa nusu, na laiti ningeujua ile Ijumaa.

Ikiwa connected, keneli inaiona monita, kwa hiyo waache waya wapumzike. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, inayokupeleka kwenye skrini ya maandishi matupu, kisha rudi ulikotoka, aghalabu kwa Ctrl+Alt+F2 au F1. Mara nyingi picha inarudi. Halafu angalia echo $XDG_SESSION_TYPE inasema nini, upate kujua mfumo unaochora skrini ni x11 au wayland. Ikisema x11, tumia xrandr, amri ya kupanga skrini, kuizima monita kwa --off na kuiwasha kwa --auto. Ikisema wayland, achana na xrandr, haitabadilisha kitu. Nenda kwenye mipangilio ya skrini.

Ikiwa disconnected, ilazimishe keneli iulize upya, ukiweka jina la tundu lako:

echo detect | sudo tee /sys/class/drm/card1-HDMI-A-1/status

Soma tena hali. Ikigeuka connected, taarifa ilipotea wakati wa kuamka, na amri hiyohiyo unaweza kuiweka kwenye skripti ndogo ndani ya /usr/lib/systemd/system-sleep/ iitwe kila mashine inapoamka. Lakini kabla ya kuandika skripti soma kumbukumbu za keneli kwa journalctl -k -b, kuanzia mstari wenye "PM: suspend exit" kushuka chini. Draiva ikiwa imelalamika utaiona hapo. Angalia pia /sys/power/mem_sleep: aina ya usingizi inayotumika imewekwa kwenye mabano ya mraba, s2idle (usingizi mwepesi) au deep (mzito). Kama mashine inazo zote mbili, jaribu ile nyingine. Kwenye laptopu zenye kadi mbili za picha, tundu la HDMI mara nyingi limeunganishwa na ile ya NVIDIA, basi hakikisha huduma za nvidia-suspend na nvidia-resume zimewashwa.

Ikibaki disconnected hata baada ya kulazimishwa, sasa ndiyo uiname chini ya meza. Chomoa monita ukutani kabisa, nusu dakika, maana kitufe cha mbele huiacha ikiwa bado na umeme. Badilisha kebo. Na kama kuna adapta, ishuku kwanza adapta.

Ya yule dada ilikuwa adapta. Monita yake ilikuwa ya zamani, ya VGA, na katikati kulikuwa na kadude keusi kutoka Kariakoo kanakogeuza HDMI kuwa VGA. Kadude hako hula umeme wa tundu la HDMI lenyewe, na kanuni za HDMI zinalitaka tundu litoe angalau miliampia 55 tu, umeme mdogo sana. Umeme huo ukiyumba laptopu inapolala na kuamka, adapta ilikuwa inaduwaa. Nilikachomoa, nikahesabu mpaka kumi, nikakarudisha, picha ikaja bila kuwasha chochote upya. Tukanunua nyingine yenye waya wake wa umeme wa USB, tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Printa yake, niliyoifuta pamoja na ile Ubuntu, ilinichukua asubuhi nzima kuirudisha.