Mlango Kwanza, Injini Baadaye: Kwa Wanaotafuta Gari la Kale Tanga

Wadogo zangu, nawaomba tena: mkifika kwa muuzaji, acheni boneti. Kijana anashuka kutoka Muheza au Dar, anafungua boneti, anawasha, anasikiliza mlio, anatabasamu, anatoa kishika uchumba. Mlango alioufungua ni ule wa dereva tu. Injini ya gari la kale ikifa inashushwa, inafanyiwa ovahoo au inatafutwa nyingine. Bodi iliyolala, yaani iliyoshuka katikati kwa sababu chuma cha chini kimeoza, ndiyo inayomaliza pesa, na mlango ndio unaokuonyesha. Na huku kwetu gari lililolazwa nje Raskazone limekula chumvi ya bahari usiku na mchana, tena linaliwa kwa ndani, mahali ambapo rangi haifiki.

1. Egesha pa tambarare. Sakafu ya kituo cha mafuta inatosha. Jaza upepo sawa magurudumu yote. Gari likiinamia upande mmoja kwa sababu springi zimechoka, springi zinabadilishwa; msichanganye na bodi kulala.

2. Chuchumaa ubavuni, tazama mwanya wa mlango kuanzia juu hadi chini. Usitafute mwanya mwembamba, tafuta uliolingana. Ukibana juu na kuachia chini upande wa kitasa, basi ama pini za bawaba zimelika, ama bodi imezama katikati na nguzo za mlango zimeinamiana kwa juu. Ukitazama kwa macho tu, mambo hayo mawili yanafanana, na hapa ndipo mnapopotea wengi. Fungua mlango nusu, ushike mwishoni, unyanyue. Ukicheza, ni bawaba, na hiyo si kazi kubwa. Usipocheza na mwanya bado umepinda, anza kuogopa. Dalali atasema, "Mpira mpya huo, utazoea." Mpira mpya mnene wa kuziba ukingo wa mlango husukuma mlango utokeze nje. Hauwezi kubana mwanya juu ukauachia chini.

3. Jeki. Funga milango, weka jeki mahali pake halisi, inua ubavu taratibu mpaka gurudumu liwe jepesi, kisha fungua mlango na uufunge. Ukigoma, au mwanya ukibadilika waziwazi, chuma cha chini ya mlango hakibebi tena. Jeki ikizama huku inasaga, umeshajibiwa. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuchungulia tu.

Hapa lazima niseme habari ya gari moja, Peugeot 404, maana inaniuma mpaka leo.

Wapenzi wa magari huku tunajua kwa nini Peugeot 404 ina heshima: Bert Shankland, mtu wa Dar es Salaam, alishinda nayo Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967. Jina hilo linapandisha bei na linapofusha macho. Kijana mmoja wa Ngamiani, fundi umeme mzuri, mpole, alijibana muda mrefu akanunua 404 nyeupe inayong'aa. Siku ya kuliona gari, muuzaji alimfungulia milango yote kwa mkono wake mwenyewe. Kijana akaona adabu. Kumbe yule mzee alijua mlango upi unataka kunyanyuliwa kidogo ndipo ukubali.

Akawapakia shangazi zake kwenda harusini Pongwe. Gari limejaa, limefika salama, milango ya nyuma haifunguki. Ngoma inalia, shangazi wamekaa ndani na khanga zao, jasho linawatoka. Ilibidi walio mbele washuke na ubavu uinuliwe kwa jeki, ndipo mlango ukaachia. Watu walicheka sana siku ile.

Na bado gari lile lilikuwa linaokoleka, ndiyo maana naumia. 404 haina chasisi, yaani fremu ya chini ya kubeba gari, ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo chasisi, na ule ubavu wa chini ya milango unabeba sehemu kubwa ya kazi. Chini ya rangi palikuwa na puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, chini ya puti kipande cha debe, chini ya debe hakuna kitu. Akalipeleka kwa fundi mwenye haraka. Fundi yule aling'oa milango yote minne, akakata mbavu zote mbili kwa siku moja, gari limeegemezwa mbele na nyuma tu, bila kuchomelea hata bomba moja la kushikilia uwazi wa mlango. Bodi ikashuka katikati. Halafu akachomelea chuma kipya, kizuri, kinene, juu ya umbo lililokwisha pinda. Milango iliporudishwa, hakuna uliokubali. Wakaanza kusaga kingo za milango! Kijana akaishia kuuza vioo, akauza taa, akauza na injini, ambayo ilikuwa nzima kabisa.

Kwa hiyo anayetaka kukukatia ubavu muulize kwanza bomba la kushikilia litakaa wapi, na kama atamaliza upande mmoja kabla ya kugusa wa pili. Akikuona msumbufu, ondoka na gari lako.

4. Sumaku ifunge kitambaa, ipitishe chini ya milango na kwenye madigadi. Isiposhika, pana puti. Lakini Land Rover msiiseme hivyo! Tangu 1948 paneli zake nyingi ni za alumini, kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza. Milango yake nayo haikukaa sawa hata ilipotoka kiwandani, kwa hiyo mwanya wake usiwalize. Gonga chasisi kwa bisibisi, hasa nyuma, kisha kagua ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu yako, maana bawaba za mbele zimefungwa hapo. Alumini inapogusana na chuma kwenye chumvi hutoa unga mweupe. Zile zilizotumika mashambani kwenye mkonge na kulala mbali na bahari naziamini zaidi.

5. Volkswagen Beetle: mbavu zake za chini ndizo njia ya hewa ya moto kwenda kwa abiria. Tanga hakuna anayetaka joto, basi hakuna anayezikagua. Zikague. Inua na kiti cha nyuma, betri hukaa hapo na sakafu huoza hapo.

6. Komeo la nguzoni, kile chuma kinachodaka kitasa mlango ukifungwa, likiwa limesukumwa mpaka mwisho wake, kuna mtu ameulazimisha mlango.

7. Pakia watu wanne, kisha fungua milango yote. Kwa mkono wako.

Ukishanunua, kazi ya kwanza ni kuzibua kwa waya vile vitundu vya chini ya milango ili maji yatoke. Rangi itasubiri.