Kufuli langu linajua nilichokula jana

Swali lenu la wiki hii linauliza: una kitabia gani kidogo cha ajabu ambacho watu wa nyumbani wanakucheka nacho, na kilianzaje? Mi nilitaka kujibu kwa mstari mmoja tu, naongea na kufuli, halafu nikaona mtanielewa vibaya, bora nieleze.

Naishi Gongo la Mboto, nyumba ya kupanga, vyumba sita vinatazamana, korido katikati, bomba na choo uani, mama mwenye nyumba anakaa chumba cha kwanza kabisa ukiingia kwa hiyo hapiti mtu hajamuona. Kazi yangu iko Kariakoo, duka la vitambaa na vifaa vya ushonaji, na saa mbili kasoro robo natakiwa niwe nimeshafika. Asubuhi natoka mbio, pochi begani, bakuli la chakula cha mchana mkononi, ufunguo nimeung'ata. Nafunga, nakimbia. Shida inaanza nikishapata siti. Daladala ikifika Banana hivi roho inaniuliza, umefunga? Nimefunga. Una uhakika? Hapo sasa.

Watu wanadhani tatizo langu ni kusahau. Hapana, tatizo ni kwamba nakumbuka sana. Nikifumba macho naona kabisa mkono wangu unazungusha ufunguo, nasikia na ule mlio, ila huo mkono ni wa leo au wa jana au wa Jumatatu iliyopita? Kufuli ni lilelile, mlango uleule, mkono uleule, picha zote zimelaliana kama vitenge kwenye shelfu, huwezi kuvuta cha katikati bila kumwaga vyote.

Basi kuna mwezi mmoja nilishuka Tazara mara tatu, nikavuka barabara, nikapanda gari la kurudi, nauli nyingine, nafika nyumbani nakuta kufuli limefungwa vizuri linaning'inia pale linanitazama. Mara zote tatu! Bosi wangu akaniambia ukichelewa tena kalale huko huko na mlango wako. Mara ya nne roho ilipouliza nikaiambia leo sirudi hata iweje, nikajikaza mpaka Kariakoo, nikauza siku nzima na tabasamu.

Jioni nakuta mlango uko wazi.

Yaani kufuli nimelitundika kwenye komeo bila kulifunga, nikaondoka nalo hivyo. Namshukuru Mungu hakuna kilichoibiwa, tivii ipo, mtungi wa gesi upo, ila kuku wa mama mwenye nyumba alikuwa ameingia, akapanda kwenye kapu la nguo nilizofua, akataga juu ya kitenge changu kipya. Nikampelekea mwenyewe yai lake, mama wa watu akacheka mpaka akakaa chini, akasema baki nalo mwanangu, kuku kalipia kodi ya siku moja.

Aliyenipa dawa ni babu wa chumba cha mwisho. Huyu babu alifanya kazi TAZARA miaka mingi, ile reli ya kilomita 1,860 inayotoka hapa Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na stori zake zote lazima zipite Makambako. Akaniambia, mjukuu wangu, sisi kwenye injini dereva akiona taa anaitaja kwa sauti, msaidizi naye anaitaja, hata kama wote wawili wameiona na hakuna mwingine wa kumsikia. Nikamuuliza kwa nini sasa? Akasema jicho likizoea linaangalia bila kuona, ila mdomo ukishatamka sikio linasikia, hapo umejishikia shahidi.

Nilimuona kama ananichekesha, mpaka baadaye nikakutana na video za madereva wa treni wa Japani, wamevaa glavu nyeupe, wanasonta taa kwa kidole na kuitaja kwa sauti, mtu yuko peke yake kwenye kibini anasema na vioo. Na New York makondakta wa treni za chini ya ardhi tangu 1996 wanatakiwa kila kituo wasonte ubao fulani wa mistari myeusi na myeupe ulioko katikati ya stesheni, ndo wawe na uhakika treni imesimama sehemu yake kabla hawajafungua milango. Sasa kama watu wazima wa New York wanasonta ubao, mimi wa Gongo la Mboto nikiongea na kufuli kuna nini?

Nikaanza. Nafunga, nalivuta mara tatu, nasema "nimefunga". Wiki mbili raha tupu. Wiki ya tatu, Banana, roho ikauliza, ulisema? Nikakumbuka nimesema. Ulisema leo? Jamani. Maana hata hilo neno nalo limeshakuwa kama vile vitenge, maneno yote yanafanana! Ndo nikagundua kwamba lazima kila siku niseme kitu ambacho jana sikukisema. Kwa hiyo sasa hivi utaratibu uko hivi, ufunguo nautoa mdomoni, nafunga, navuta mara tatu, naweka kiganja juu ya kufuli nalisikia lilivyo la baridi, halafu nasema siku, nasema nimefunga, naongezea na habari moja ya leo. "Jumanne, nimefunga, jana nimekula kisamvu." "Jumatano, nimefunga, kandambili imekatika." Daladala ikifika Banana roho ikiuliza nakumbuka kandambili, natulia, nalala zangu mpaka Kamata.

Ubaya wake ni ule ukumbi wetu. Sauti inasafiri. Mama mwenye nyumba akawa anaitikia kutoka ndani, kisamvu cha nazi au cha karanga? Majirani wakajua nimepaka nywele rangi kabla sijafungua kilemba. Kuna Ijumaa moja nimechanganyikiwa na mawazo nikaliambia kufuli, "Ijumaa, nimefunga, kodi nitaanzia wapi", kimya kidogo, halafu nikasikia kutoka chumba cha kwanza, "Hata mi nakuuliza!"

Mdogo wangu ndo alinicheka kuliko wote. Alikuwa anakaa kwangu kabla hajaenda chuo Dodoma, akawa ananiigiza mbele ya wageni, analiinamia hata sufuria, "Jumapili, nimekufunika, wali umeungua." Anasema dada umekuwa mshirikina. Hilo la mshirikina liliniuma kidogo kwa sababu naona kuna tofauti. Dukani kwetu tunauza sindano, na mpaka leo wapo wateja wa makamo, jua likishazama hawatamki sindano, wanasema nipe kile kidude cha kushonea, na wapo wenye maduka ambao hawauzi kabisa ikishaingia magharibi. Hiyo ni ya mkosi, humuulizi mtu sababu. Na mimi mwenyewe za hivyo ninazo, nikikuta ndala imelala kifudifudi siwezi kupita bila kuigeuza, hata kwa watu, hata msibani, tangu utotoni, wala sijui ninaogopa nini. Ila kufuli lina kazi. Nikiliacha napoteza nauli.

Mchezaji Kolo Touré alikuwa na la kwake, lazima awe wa mwisho kutoka vyumbani kuingia uwanjani. Mwaka 2009 Arsenal inacheza na Roma, mwenzake William Gallas akabaki ndani anatibiwa wakati wa mapumziko, Touré naye akabaki anamsubiri ili asimtangulie, timu ikaanza kipindi cha pili watu tisa! Halafu alivyoingia bila ruhusa ya refa akala kadi ya njano. Hicho ndo nakiita kitabia kinachokuendesha wewe.

Vingine nilivyonavyo ni vya kawaida tu, kipande cha sabuni kikibaki chembamba nakibandika kwenye kipya, chai lazima niimimine kwenye kisosi hata kama imeshapoa. Na umeme, LUKU siwezi kuingiza namba peke yangu, zile tarakimu 20 lazima mtu anisomee nne nne na mimi nirudie kila nne kabla sijabonyeza, nikiwa sina mtu nampigia simu mdogo wangu huko huko Dodoma nimemtumia meseji ya namba anisomee, analalamika lakini anasoma.

Juzi Alhamisi ndo ilikuwa hivyo. Nimesimama kwenye mita na tochi maana giza tupu, yeye anasema subiri dada natoka hosteli, nikaona amesahau kukata, simu imebaki hewani. Nikasikia mlango, nikasikia ufunguo, halafu chuma kinagongwa, moja, mbili, tatu. Kimya. Halafu kwa sauti ya chini kabisa, "Alhamisi, nimefunga, nimevaa viatu vya kuazima."

Nikamuuliza, "Vya nani?"

Akakata simu. Umeme niliingiza kesho yake asubuhi, babu ndo alinisomea.