'Emolument': neno lililotoka kinuni

SWALI: Mhariri, hujambo? Nimepata kazi ya ukarani hapa Industrial Area. Barua inasema "monthly emoluments: Sh60,000". Je, huo ndio mshahara? Na neno lenyewe limetoka wapi? – Msomaji, Kayole

JIBU: Hongera kwa kazi, ndugu yetu. Neno hilo ni pana kuliko mshahara. Linabeba chochote unacholipwa kwa sababu ya ajira au cheo: mshahara wa msingi, marupurupu, komisheni, bonasi. Sheria ya Kodi ya Mapato, kifungu cha 37, hulitumia hilohilo inapomwagiza mwajiri akate kodi. Anachopata mwenye duka hakiitwi hivyo. Hiyo ni 'profit'.

Asili yake ni Kilatini, 'emolumentum', yaani faida. Wanaisimu hulinasibisha na 'molere', kusaga, na inaelekea mwanzoni lilikuwa ujira wa msagaji nafaka. Likapitia Kifaransa, likaingia Kiingereza katika karne ya 15. Ndugu zake ni 'mill', kinu, na 'molar', gego.

Simama kwenye posho mill yoyote mtaani utaiona maana hiyo ya kwanza: gorogoro ya mahindi inamiminwa juu, unga unashuka kwenye mfuko wa kitambaa, mwenye kinu analipwa kwa kipimo alichosaga. Na hapa Kiswahili kinapendeza mno, maana posho ni chakula cha kila siku, na posho pia ni fedha anazopewa mtu juu ya mshahara.

Turudi kwa barua yako. Hizo 60,000 usizihesabu kuwa mshahara wa msingi mpaka barua iseme hivyo. Jambo la kuangalia hasa ni nyumba. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri akupe makao yanayofaa au akuongezee pesa za kodi ya nyumba, isipokuwa mkataba umeshazijumuisha ndani ya mshahara. Wengi hukwama hapo: mtu anatia sahihi akitarajia marupurupu ya nyumba kando, halafu payslip ya kwanza inamwonyesha yamo mlemle, tena kabla hata PAYE, yaani kodi ya mapato, haijakatwa. Kabla ya kutia sahihi, muulize mwajiri, "Msingi ni ngapi? Nyumba imo?" Jibu liandikwe kwenye barua yenyewe.