Gari la zamani ulilonunua juzi: anza na ubovu wa kukaa

Gari la miaka 40 au 50 likizima barabarani wiki mbili baada ya kununuliwa, lawama yote huangukia uzee. Mara nyingi uzee hauhusiki. Gari lilikaa. Lilisimama mahali miaka mitatu au kumi, mipira ikakauka, petroli ikageuka gundi ndani ya kabureta, tangi likaota kutu, mafuta ya breki yakavuta unyevu wa hewani. Juu ya hapo kuna kazi za mikono iliyotangulia: waya ulioungwa kwa selotepu, boliti iliyolazimishwa kwenye nyuzi zisizo zake, kabureta iliyochokonolewa ili kufunika kasoro ya plagi.

Ubovu wa kukaa hujitokeza wenyewe ndani ya kilomita 1,000 hivi za mwanzo, na karibu wote unatabirika. Usikae kuungoja. Pita gari zima kwa mpangilio, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha zunguka karibu karibu tu hadi uanze kuliamini. Anayebadilisha plagi, koili na kabureta siku moja, gari likipona hajui lilikuwa linaumwa nini, na likirudia atanunua vyote upya.

Breki kwanza, injini baadaye

Injini ikigoma, gari linasimama. Breki zikigoma, halisimami. Magari mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana mfumo mmoja tu wa mafuta kwa matairi yote manne, kwa hiyo paipu moja ikipasuka hutabaki na breki hata moja isipokuwa ya mkono.

Kagua mipira mifupi inayokwenda kwenye matairi. Mpira wa breki huoza kuanzia ndani. Kwa nje ni mweusi, mzima, pengine unang'aa. Ndani umevimba hadi tundu limebaki kama la sindano. Mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, lakini ukiachia pedeli hakuna nguvu ya kutosha ya kuyarudisha. Breki inabaki imeshika. Gari linavuta upande mmoja, na ukishuka unakuta rimu moja ni ya moto kuliko wenzake.

Kumtafuta mkosaji si kazi kubwa. Pandisha tairi kwa jeki, weka stendi chini ya chuma imara, kanyaga breki mara mbili na uachie, kisha zungusha tairi kwa mkono. Likigoma, legeza kidogo paipu pale inapotoka kwenye masta silinda. Likiachia, tatizo liko huko juu: masta silinda yenyewe, au fimbo ya pedeli haina nafasi ya kucheza. Likiendelea kugoma, kaza paipu hiyo na ulegeze nati ya kutolea upepo kwenye tairi lenyewe. Likiachia hapo, mpira ndio uliofunga. Likigoma bado, pistoni imeshikwa na kutu. Watu hununua kalipa mbili mpya kwa sababu ya kipande cha mpira chenye urefu wa mkono, kwa kuwa tu hawakupima kwa mfuatano huo. Ukipimia hivi, toa upepo breki zote kabla ya kuendesha.

Badilisha mipira yote kwa pamoja, kisha mwaga mafuta ya zamani hadi yatoke safi. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishavuta maji kiwango hushuka hadi karibu 155, na kwenye mteremko mrefu pedeli inazama kama umekanyaga sifongo. Kila miaka miwili yabadilishe, hata kama gari halikutembea. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na nyingine. Na kama umenunua Citroën yenye mfumo wa mafuta ya kijani ya LHM, usiweke hata tone la mafuta ya kawaida ya breki: yataharibu kila mpira yanakopita.

Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa upepo. Bitana za enzi hizo nyingi zina asbesto. Lowesha, futa kwa kitambaa, kitupe.

Matairi hayahitaji maneno mengi. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi limetengenezwa kabla ya 2000, na halifai hata kama kashata zake ni ndefu kama za dukani.

Gari linalozima likishapata moto

Haya ndiyo malalamiko ya kwanza ya karibu kila mwenye gari jipya la zamani. Linawaka vizuri, linatembea dakika 20, linaanza kukohoa, linazima. Ukisubiri nusu saa linawaka kama halikuwa na neno. Mafundi wengi watakimbilia kabureta. Wewe usiikimbilie; kwenye magari ya pointi (swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili cheche itoke), nusu ya kasoro za kabureta zinakaa ndani ya distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi.

Visababishi ni vitatu au vinne, na vyote hupona vikipoa, kwa hiyo kipimo lazima kifanyike palepale kabla injini haijapoa. Kwanza fungua kifuniko cha tangi na usikilize. Ukisikia upepo unavutwa kwa nguvu kuingia, tundu la hewa la tangi limeziba na pampu ilikuwa inavuta dhidi ya ombwe. Pili, toa kifuniko cha hewa cha kabureta, tazama ndani ya koo huku ukivuta waya wa pedeli ya mafuta kwa mkono. Kabureta yenye pampu ya kuongezea mafuta itarusha mchirizi mwembamba wa petroli. Mchirizi ukiwepo, petroli inafika, geukia umeme. Usipokuwepo, tatizo liko kati ya tangi na kabureta.

Kwa upande wa petroli, kutu ndiyo mchawi mkubwa. Chembe zake huvutwa hadi mdomo wa bomba ndani ya tangi na kuuziba. Injini ikizima, mvuto unaisha, chembe zinadondoka chini, na gari linakuwa zima tena. Kuosha kabureta hakusaidii hapo. Teremsha tangi, mwaga, lioshe, na uweke filta ya kioo kabla ya pampu ili uone kinachopita. Filta ikijaa uchafu wa kahawia ndani ya kilomita 100, rudi kwenye tangi. Wakati huohuo badilisha mipira yote ya petroli: ile ya zamani huliwa na ethanoli iliyomo kwenye petroli nyingi za sasa, ikawa laini, ikavuja juu ya egzosi. Tafuta mpira ulioandikwa R9. Na uwe na mtungi wa kuzimia moto wa unga, kilo 2, mahali mkono unapofika.

Kwa upande wa umeme, mshukiwa wa kwanza ni kondensa, kile kikopo kidogo cha bati ndani au ubavuni mwa distributa. Kikifa, cheche inakuwa nyembamba, ya njano, na pointi zinaungua haraka upande mmoja kuota kichuguu na mwingine shimo. Cheche nzuri ni ya bluu na inalia. Wa pili ni koili. Pima kati ya vichwa vyake viwili vidogo: koili ya kawaida ya volti 12 husoma karibu omu 3, ile inayotumia kipinga cha nje husoma karibu omu 1.5. Ukifunga hiyo ya 1.5 kwenye gari lisilo na kipinga, itachemka na kuunguza pointi. Kosa hili ni la kawaida mno, kwa sababu koili zote mbili zinafanana kama mapacha.

Jambo moja la kuudhi: kondensa na rota (kipande kinachozunguka ndani ya distributa) mpya za siku hizi si lazima ziwe bora kuliko zile za zamani. Kondensa ya asili iliyofanya kazi miaka 30 usiitupe. Isafishe, iweke kwenye buti iwe akiba.

Pointi, kwa utaratibu wake

Zungusha injini hadi kisigino cha pointi kikae juu kabisa ya kona ya kamu, mhimili wenye kona ulio ndani ya distributa. Pima nafasi kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia. Kwa magari mengi ya silinda nne ni karibu milimita 0.40; Volkswagen Beetle pia ni 0.40. Geji ipite kwa kusugua kidogo, isibanwe wala isicheze. Futa pointi kwa karatasi safi baadaye, kwani oili ya kidole tu inatosha kuzifanya zisipitishe umeme. Kisha paka kamu grisi kiasi cha kichwa cha kiberiti, basi. Ikizidi itarukia pointi. Isipokuwepo kisigino kinalika na nafasi inajifunga ndani ya wiki chache.

Taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, hupangwa baada ya pointi, kamwe si kabla, maana ukipanua pointi taimingi nayo inakwenda mbele. Kabureta ni ya mwisho kabisa. Kabla ya kugusa skrubu yake ya sailensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) hakikisha hakuna mahali injini inavuta hewa ya wizi: gasketi ya chini ya kabureta, na kile kimpira cha kwenda kwenye distributa. Kwenye magari ya Kijapani usitumie bisibisi ya nyota ya kawaida kwa skrubu za kabureta. Vichwa vyake ni vya mtindo wa JIS, na bisibisi isiyo yake inavila hadi vinakuwa duara.

Umeme wa bodi

Taa hafifu, stata inayojivuta, na geji zinazocheza kila moja kwa wimbo wake, mara nyingi ni ugonjwa mmoja: ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Weka mita kwenye volti, ncha moja juu ya kichwa cha betri upande wa bodi, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, chomoa waya wa koili na mtu apige stata. Ikizidi 0.5, waya wa ethi ndio mbovu. Betri na stata waache. Dalili nyingine ni waya wa choki kupata moto unapopiga stata: umeme umekosa njia yake, umepita humo.

Betri nzima iliyotulia husoma karibu 12.6, injini ikinguruma kwa kasi ya wastani isome kati ya 13.8 na 14.5. Kabla ya kufunga betri mpya tazama upande upi umefungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza hadi katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa chanya kwenye bodi, ikiwemo MGB hadi 1967. Ukigeuza kimazoea, redio ya asili inakufa papo hapo.

Oili, maji na vali

Injini za kamshafti na tapeti bapa zinahitaji oili yenye zinki ya kutosha, na oili nyembamba za magari mapya zimepunguzwa zinki ili kulinda kichujio cha moshi. 20W-50 iliyotengenezwa kwa injini za zamani inafaa nyingi kati ya hizi. Badilisha siku ya kwanza, badilisha tena baada ya kilomita 500, kwa kuwa oili mpya itaamsha tope lililolala. Dawa kali za kuosha injini achana nazo; zinabandua tope lote mara moja na kulipeleka kwenye kichujio cha pampu. Giaboksi ikitaka oili ya daraja la GL-4 ipe GL-4. GL-5 nyingi hazina urafiki na sinkro za shaba.

Gari linalochemsha usianze kwa kutoa thamostati. Itie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto uone kama inafunguka kwenye nyuzi zilizopigwa juu yake, mara nyingi 82. Gusa rejeta kwa nje likiwa limepata moto na injini imezimwa: sehemu ya baridi ndipo palipoziba. Fungua na bomba la kumwagia maji kwenye bloku. Likifunguliwa halitoi kitu, chokonoa kwa waya, tope limejaa huko. Kifuniko cha rejeta kiwe cha presha ileile ya asili. Kikiwa na presha zaidi kitatafuta mpira dhaifu na kuupasua. Na kumbuka kuwa taimingi iliyochelewa nayo huchemsha injini, hata rejeta likiwa jipya.

Kabla hujaambiwa injini ifunguliwe, pima kompresheni. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, koili imechomolewa, mafuta yamekanyagwa hadi chini, na stata ipigwe mizunguko sita kwa kila silinda. Namba yenyewe hutegemea injini; kinachotazamwa ni tofauti. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, vali. Kwenye hedi za chuma zilizotengenezwa enzi za petroli ya risasi, pima nafasi ya vali kila kilomita 5,000: nafasi inayojifunga tena na tena ina maana kiti cha vali kinaliwa, na dawa yake ni kufungiwa viti vigumu hedi itakapotolewa.

Kwenye buti weka pointi, kondensa, rota, mkanda wa feni, fyuzi, klipu kadhaa, mita moja ya mpira wa petroli, fila geji na lita 5 za maji. Unapoagiza spea toa namba ya injini iliyopigwa kwenye bloku, si ya kwenye kadi, kwani injini nyingi zimeshahamishwa. Na kila ulichofungua, kikaze tena baada ya kilomita 50, hasa nati za magurudumu na klipu za maji. Mpira mpya hujibana ukishapata moto mara moja, na klipu iliyokuwa imekaza asubuhi inakuwa imelegea jioni.