Mkuu, unataka kuhamia seva ndogo kwa sababu modeli yako inasema hii haina kazi: usiipunguze!

Watumiaji 50, kila mmoja anafikiri sekunde 10 kabla ya kubofya tena, seva inamaliza ombi kwa sekunde 0.15, na neti yako ya Petri (modeli ya maduara yenye tokeni, hapa ni watumiaji, na transisheni, yaani matukio yanayozihamisha) inakuambia seva ina kazi asilimia 1.5 tu. Halafu unauliza taimauti (kikomo cha kusubiri jibu) uiwekeje na programu ipi inachora grafu nzuri ya kumpelekea bosi! Acha grafu.

Angalia ile transisheni ya kufikiri. Umeipa kasi ya 0.1 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya mtu mmoja: ombi moja kila sekunde 10. Duara lina tokeni 50, transisheni inazitoa moja moja kama ina mhudumu mmoja, kwa hiyo mmoja anafikiri na wengine wamepanga foleni kusubiri zamu ya kufikiri, kama choo cha stendi. Watu hawafikiri kwa zamu (labda kwenye vikao vya ofisini kwetu). Kasi inatakiwa iwe 0.1 mara tokeni zilizomo kwenye duara wakati huo: zikiwemo zote, maombi 5 kwa sekunde. Hapo seva ina kazi asilimia 70 na kitu. Wakifika watu 80 imezidiwa. Ni transisheni ya seva tu ndiyo ibaki na mhudumu mmoja.

Sisi tulikuwa na mshauri, tai shingoni, malipo nusu mkononi. "Weka wastani tu, programu inajua yenyewe." Inajua nini? Ripoti ikapita, tukahamia mashine ndogo, na usajili ulipofunguliwa kila kitu kikaganda. Simu yake ikawa haipatikani. Saini kwenye ripoti ni yangu. Sikufukuzwa lakini, nilipelekwa stoo kuhesabu katriji za printa, cheo kizuri tu.

Sasa siamini namba yoyote kabla ya kugawa watu kwa maombi yanayopita kwa sekunde. Ndiyo kanuni ya Little: lazima upate muda wa kufikiri ukijumlisha wa kusubiri jibu. Yako: watu 50 gawanya kwa maombi 0.1 kwa sekunde, sekunde 500. Kufikiri umesema 10, seva haifikishi hata moja. Zaidi ya dakika nane watu wako wapi?

Rekebisha, endesha upya, weka namba hapa. Nitagawa mwenyewe.