Mama Maktaba Anajibu: Nakesha na Madesa, Bado Nina Sapu

*Shikamoo Mama Maktaba. Niko mwaka wa pili chuoni. Mwaka wa kwanza nilijirusha mno, nikaponea chupuchupu kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli. Mwaka huu nikaapa: hakuna matembezi, hakuna mechi, hata kwaya nimejitoa. Kila usiku niko na madesa, yale makaratasi ya notisi, hadi saa nane. Matokeo ya muhula yametoka na nina sapu moja, mtihani wa kurudia somo nililofeli. Rafiki yangu wa tangu sekondari hanialiki tena popote. Siku yake ya kuzaliwa nilimwambia nasoma, nikaishia kutazama picha za sherehe yake kwenye simu. Nijinyime nini zaidi?*
*Msomi Mpweke*

Marahaba, mwanangu. Nilipofika kwenye hizo picha niliweka barua chini nikacheka, unisamehe, kisha nikakuhurumia. Jioni ile hukusoma na hukusherehekea.

Nilikaa nyuma ya kaunta ya maktaba ya chuo miaka 19. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akifika saa mbili kamili asubuhi, anavua koti, analitundika kwenye kiti cha dirishani, anafungua kitabu katikati, anatoka. Saa sita anarudi kuangalia kama kitabu kipo. Wenzake walijua anashinda maktaba. Nadhani hata yeye alijua hivyo, maana matokeo yalipotoka alikuja kwangu kulalamika kwamba amejituma bure. Nilitamani kumwambia kuwa koti ndilo lililojituma. Wewe koti lako ni hizo saa nane za usiku.

Tupige hesabu. Wiki ina saa 168. Toa saa 56 za kulala, yaani nane kila usiku, na usinikatie hapo. Zinabaki 112. Tuseme vipindi vyako ni saa 18 kwa wiki, na kila saa ya kipindi uilipie saa mbili za kujisomea: jumla 54. Toa nyingine 21 za kula, kuoga, kufua na kutembea kwenda huku na huku. Bado una saa 37 mkononi. Hizo ni nyingi kuliko mazoezi ya kwaya na sherehe zote za darasa lako. Kwa hiyo sidhani kwamba rafiki yako ndiye aliyekula masomo yako.

Kilichokula ni namna unavyosoma. Umesema uko "na madesa", hukusema unafanya nayo nini, nami nakisia: unayapitia, ukimaliza unayapitia tena. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha habari. Kundi moja likakisoma mara mbili. Jingine likakisoma mara moja, kisha likafunika na kuandika kila linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja wao walikumbuka asilimia 42, waliofunika asilimia 56. Ndiyo maana usiku unalala ukiamini umeiva, na kwenye chumba cha mtihani karatasi inakukodolea macho.

Basi sapu hiyo iandae hivi. Soma mada moja mchana, funika, chukua karatasi tupu, andika. Palipo na pengo ndipo pa kurudia, pasipo na pengo paache. Kesho yake jaribu tena kabla hujafungua chochote. Saa nne usiku funga. Usingizi una kazi yake ya kutuliza kichwani ulichosoma, na anayekesha anajinyang'anya mwenyewe. Simu iwe chumba kingine, sio kifudifudi mezani. Ikiwa mezani utaigeuza tu.

Kwaya rudi. Nasema hivi kwa sababu mazoezi yana siku yake na saa yake, yanaanza na yanaisha. Starehe ya namna hiyo haijawahi kunisumbulia mwanafunzi. Niliowaona wakizama ni wa "tupo tupo tu": watu sita kwenye ngazi za maktaba, wanasubiriana waanze diskasheni, giza linaingia bado wanasubiriana. Ukiona diskasheni yenu haina swali lililoandikwa karatasini, ondoka na uiite kwa jina lake halisi, maongezi, halafu uyapangie muda.

Rafiki yako mpigie leo, usimwandikie. Usianze na habari za ratiba wala sapu. Mwambie ulikuwa chumbani ukitazama picha zake siku ile na ulitamani kuwepo. Kama ana kozi uliyo nayo, mwombe mara moja kwa wiki akusikilize ukimweleza mada bila kutazama daftari. Akikunja uso, umejua pa kurudia. Kama hana, mwende tu mahali mkakae. Na usiende na begi la madesa mgongoni, mwanangu, atajua una haraka.